Frein, na Magoti ya Maman Cibalonza

Kama koko Stan, babu yetu, angekuwa na simu mu 1957, ile siku ya wagon angezima data, angetoka mu groupe zote, hata ile ya chorale, na angebadilisha numero. Lakini simu haikuwa. Haya yake ilitembea na miguu, toka ku ziwa mpaka Kavumu, na ilifika mbele ya yeye mwenyewe kufika.

Jina yake Stanislas. Siku zile alikuwa kijana wa Kadutu, menuisier, fundi wa mbao, mikono mizuri, na alikuwa anajua kama iko na mikono mizuri, njo shida ilianzia pale. Alikuwa anatumika kwa muzungu moja, Monsieur Delcourt, mwenye shamba ya kahawa juu ya ziwa, upande wa barabara ya Kavumu. Ile shamba ilikuwa na reli ndogo, nyembamba, ya kushukisha magunia ya kahawa mpaka ku maji. Batu balizoea kuona toroli zinapita pale. Kisha Delcourt akapata wazo. Akasema reli kama hii, ku Bulaya banaanza kuzichunga sawa vile vitu vya bankambo, bazee ba zamani, na bageni ba ku hotel banalipa juu ya kuzipanda. Akaandikia bandugu yake ba Belgique bamutafutie wagon za zamani, zile ndogo zilizobebaka bankambo yao.

Batu bote ba kazi ya shamba bakashangaa. Bazungu benyewe bazitupe, huyu azilete tena?

"Na mupya haiko?" Barthélemy, mulinzi wa depot, akamuuliza Stanislas.

"Iko. Hataki."

"Anataka muzee."

"Anataka muzee."

"Basi angekuja kwetu kumuchukua baba mukubwa wangu. Hata meli haiombi."

Wagon zilikuja mbili, kwa meli, kwa train ya Tanganyika, kwa meli tena mpaka Kalundu, kisha mu camion ikapanda milima ya Ngomo ikilia. Moja ilifika muzima, viti vya ngozi, njo ya bageni. Ya pili ilifika mbao mbao mu caisse, banc zake, viti virefu vya mbao, zimevunjika miguu. Delcourt akamupa Stanislas ile ya pili. "Ukiitengeneza vizuri, siku ya kufungua utapanda na bandugu yako. Lakini ni safari moja tu. Anayeenea, anaenea."

Hapa sasa lazima tuzungumuze juu ya Colombe.

Stanislas alikuwa anaposa Colombe, mutoto wa Kavumu. Baba ya Colombe alishakufa. Ngombe zilikuwa zimezungumuzwa na bajomba, pombe imenywewa, lakini neno ya mwisho ilikuwa kwa mama, maman Cibalonza, na maman Cibalonza hakuwa na haraka. "Ninamuangalia kwanza," alikuwa anasema. Ni maneno tu, sababu kumuangalia kwa macho, hapana. Kwa Bashi, batu ba Kavumu, mwanaume na mama ya bibi yake banaheshimiana mpaka banakimbiana. Ukimuona mu njia, unaingia mu migomba. Hamukule pamoja, hamuangaliane mu macho, na neno yoyote inapita kwa mutu mwingine. Kumugusa, hata nguo, tusiizungumuze.

Stanislas akafikiri: ile siku ya wagon, mukwe wangu ataona mutu gani anaoa mutoto yake. Akataka bandugu bote ba Colombe baenee. Banc za zamani zilikuwa zinapangwa sawa vile mu kanisa, kila mutu anaangalia mugongo ya mwenzake. Akaona kama zinakula fasi. Akatengeneza banc mbili ndefu, moja huku, moja kule, kufuata urefu wa wagon, batu banaangaliana. Sasa baliweza kuenea mara mbili. Delcourt akapapasa mbao, akasema bravo. Stanislas akatembea Kadutu yote na ile bravo.

Ile wagon iko nyembamba, kumbuka. Reli yenyewe, mutoto anairuka. Batu babili bakikaa uso kwa uso, magoti yanasalimiana.

Na mbele kabisa, katikati ya zile banc mbili, palikuwa frein, breki ya wagon. Manivelle, mukono ya chuma, urefu wa magoti, ya kuzunguusha. Wagon ilikuwa inashuka yenyewe ku mulima, frein njo inaishikilia, kisha tracteur inairudisha. Na mutu wa frein alikuwa Stanislas.

Alikuwa amepanga yote mu kichwa: yeye mbele, maman Cibalonza nyuma kabisa, kati yao jeshi ya bashangazi. Lakini ile siku ya dimanche, batu bametoka misa, Delcourt mwenyewe akakuja kupanga batu, amevaa kofia mupya, amefurahi. Akauliza mama ya muchumba iko wapi. Bakamuonyesha. Akamushika mukono, akamupandisha mbele, akamukalisha uso kwa uso na Stanislas.

"Fasi ya heshima," akasema. "Mbele ya fundi."

Bashangazi bakaangalia chini. Colombe akafunika kinywa. Maman Cibalonza akavuta kitambaa yake mpaka ku nyusi, akageuza shingo kwa ziwa. Stanislas akageuza yake kwa mulima. Balikuwa sawa vile kuku babili mu kikapu moja. Pembeni ya maman, asante Mungu, alikuwa tonton Théodore, mudogo wake, mujomba wa Colombe, katekista, mutu wa sauti ya polepole sana.

Wagon ya bazungu, Delcourt ndani, ikashuka kwanza, ikasimama ku reli ya pembeni. Kisha yao ikaachiwa.

Mwanzo ilienda vizuri. Mulima uko polepole pale juu. Stanislas akazunguusha frein kidogo, nusu, akarudisha mukono. Nusu tu, juu kama angezunguusha yote, kiwiko yake ingepita juu ya magoti ya maman Cibalonza. Nusu haitoshi. Wagon ikaongeza.

"Théodore," maman Cibalonza akasema, akiangalia ziwa, "umuulize ule mutu wa frein kama hii mbio iko ya kawaida."

"Stanislas," Théodore akasema, polepole, sawa vile anasoma somo ya kwanza, "maman anauliza kama hii mbio iko ya kawaida."

"Tonton, umuambie maman iko kawaida kidogo."

"Anasema iko kawaida kidogo."

"Umuulize kidogo maana yake nini."

"Stanislas. Maman anauliza kidogo maana yake nini."

Ile wakati migomba ilikuwa inapita mbio. Shangazi moja alianza Salamu Maria. Stanislas akajaribu tena nusu, mukono ukafika karibu ya ile kitambaa, akaurudisha sawa vile umeguswa na moto.

"Théodore, umuambie afunge."

"Maman anasema ufunge."

Stanislas alikuwa anatoka jasho. Akaangalia mulima, akaangalia paa, akaangalia fasi yote ile Mungu aliumba isipokuwa mbele yake.

"Tonton, tafazali. Umuombe maman asogeze magoti."

Théodore akafungua kinywa. Akakifunga. Alikuwa amezikaka batu, alikuwa amepatanishaka ndoa za vita, lakini neno *magoti*, ya dada yake mukubwa, itoke kwa mukwe, ipite mu kinywa ya katekista, dimanche, mbele ya bashangazi?

"Hiyo," akasema polepole, "siwezi kuipitisha."

Mwisho wa reli balikuwa baliweka magunia ya maganda ya kahawa. Wagon ikaingia mule ndani. Na sababu banc zilikuwa ndefu ndefu, bila kitu cha kushikilia, familia yote ikateleza mbele sawa vile maharagi mu lungo ya kupepetea, shangazi juu ya shangazi, na mbele ya bote maman Cibalonza, ambaye alianguka fasi moja tu ilikuwa imebaki.

Ku mapaja ya Stanislas.

Hakuna mutu aliumia. Ingekuwa afazali mutu aumie.

Maganda ya kahawa yakaanguka polepole kutoka juu. Delcourt, kutoka wagon ya kwanza, alicheka mpaka akashika tumbo. Alifikiri Stanislas iko na haya juu ya wagon. "Si kitu, Stan, tutaipaka rangi," akasema. Maman Cibalonza akasimama, akafunika kichwa yote, akashuka, akapanda mulima na miguu bila kuangalia nyuma. Bashangazi bakamufuata. Colombe akapita mbele ya Stanislas, akabafuata. Yeye akabaki amekaa pale, mukono mwishowe ku frein, akaizunguusha yote, mara na mara, wagon imeshasimama.

Toka ile siku hakupita tena njia ya soko. Mu misa alikaa nyuma, pembeni ya mulango, na akatoka kabla ya baraka. Alituma mbuzi Kavumu, ya kufuta haya. Mbuzi ikarudi. Barthélemy, ambaye hakukosaka neno, alimuona anaifungua kamba na hakusema kitu, na hiyo njo ilimuchoma zaidi.

Théodore akamuletea jibu, amesimama mu kiwanja, hataki kukaa.

"Maman anasema hivi. Aliona mutu ambaye alikubali tukufe sote kuliko kumugusa. Anasema hajue kama ni mutu wa heshima sana, ao ni mujinga sana. Anasema anafikiri bado."

"Na wewe, tonton, unasema nini?"

"Mimi nilikataa kupitisha neno. Mimi ninanyamaza."

Stanislas alilala na ile ulizo, akaamuka nayo. Heshima sana ao mujinga sana. Kila mara alikuwa anapata jibu ileile, na haikuwa nzuri: zile banc alizitengeneza yeye, juu ya bravo.

Akaenda kwa Delcourt, akaomba ruhusa ya kuzitoa. Delcourt akauliza sababu. Utamuelezea muzungu ginsi gani? Stanislas akasema mbao iko mubaya. Mbao yake mwenyewe, aliyoichagua, aliyoipiga randa, akasema mbele ya batu bote ba kazi kama iko mubaya. Kisha akatoa zile banc ndefu, na chini akakuta matundu ya vis, misumari ya zamani, bado iko pale, fasi banc za Belgique zilikaaka. Akazitengeneza miguu, akazirudisha fasi yao, moja nyuma ya ingine, kila mutu anaangalia mugongo.

Akatuma Théodore na neno moja: banc sasa zinaangalia upande moja.

Maman Cibalonza alikuja wakati mvua ilikuwa imekwisha. Alipanda nyuma kabisa, Colombe na Théodore mbele yake. Stanislas mbele, ku frein, hakugeuka. Wagon ikaanza kushuka, na yeye, juu ya woga, akafunga yote. Ikasimama katikati ya mulima, fasi hakuna mutu alisimamaka. Akafungua kidogo, ikakataa kwenda. Akashuka kusukuma.

Na kusukuma wagon, unasukumia nyuma. Nyuma alikuwa nani?

Aliinama, uso karibu kugusa reli, macho ku mbao za chini, akasukuma bila kuinua kichwa. Juu yake, karibu sana, akasikia sauti.

"Théodore. Umuambie ule mutu wa frein, tunamupa Colombe."

"Stanislas. Maman anasema—"

"Nimesikia, tonton."

"Na umuambie," sauti ikaendelea, "siku ya ndoa mimi nitakuja na miguu."

Akasikia mutu anacheka kule juu. Alitaka sana kujua ni nani. Akaangalia mbao, akaendelea kusukuma.