Mwajuma na Mashahidi Wanne

"Mashahidi wanne iko wapi?" Mwajuma alilalamika, kikapu bado kichwani. "Nimetoka Muyinga mpaka Gitega, nakuta panga tayari imenolewa, lakini mashahidi sioni hata kivuli."

Kaka yake, Waziri, alikaa mlangoni, panga magotini. Ndani, binti yake Kadidja alikuwa amejifungia na mama yake, aliyempigia wifi yake Mwajuma simu. Kosa la mtoto: alionekana amepakiwa kwenye baiskeli ya Magloire, kijana wa Kikongo anayeuza vitenge, wakitoka Mutaho. Waziri aliapa kumuua binti ili jina la nyumba lisafike, na sisi tuliofuatana na Mwajuma tulijua hatanii.

Mwajuma huyu ndiye anayetufundisha dini sisi wanawake wa Muyinga, kwenye baraza anapokaangia sambusa. Hagombi. Anauliza, na ukikosea anauliza tena huku anageuza sambusa. Wanaume wanaojiona wanajua wanapitia njia ya nyuma.

Pale mlangoni akamuuliza Waziri nani aliona. Kasiano, anayebeba abiria kwa baiskeli, wa taksi-velo. Mmoja, akahesabu, tena huyo anayeamka na urwarwa, pombe ya ndizi, tumboni. Aliona nini? Baiskeli. Basi sheria, akasema, inataka watu wanne waaminifu walioiona zinaa yenyewe. Wasipotimia, viboko themanini ni vya msemaji. Na hata wangekuwa mia, baba si kadhi wala si serikali.

Waziri akajitetea: alisikia darasani msikitini kwamba baba hauawi kwa kumuua mwanawe.

"Ulisikia nusu, ukatoka kuvuta sigara," Mwajuma akasema. "Hauawi, lakini dhambi ni yako, urithi huna, fidia utamlipa mke wako huyo huyo, na utafunga miezi miwili mfululizo. We Waziri, ambaye kila Ramadhani ikifika saa sita unaumwa tumbo. Na gereza la serikali nalo linakungoja."

Ndani, mkewe akacheka kwa pua. Kulaaniwa Waziri angevumilia; kicheko hicho kilimshinda. Akaweka panga chini, dada yake akatua kikapu, akaliburuta kwa mguu mpaka chini yake.

Lakini Mwajuma hakumwachia. Akamwambia amemwita mwanawe mzinifu bila ushahidi, na deni hilo mwenye kulisamehe ni Kadidja peke yake.

Waziri akabisha hodi kwenye nyumba yake mwenyewe kama mgeni.

"Mwanangu, nimekusingizia. Nisamehe."

Kadidja akatoka, macho yamevimba, akasimama nyuma ya shangazi yake.

"Nimekusamehe, baba," akasema. "Kasiano bado."