Fimbo Iliyovaa Gauni

Mtaani kwetu yuko fundi cherehani tunayemwita Kaza. Jina hilo hakulipata kwa wazazi wake, amelipata kwa vifungo. Kifungo akishakishona Kaza, shati litachakaa, kola itapukutika, mwenye shati atanenepa mpaka lisimwingie, na kifungo kitabaki palepale kinamtazama. Na si vifungo tu. Bomba la maji akishalifunga yeye, mke wake hulazimika kumwita kaka yake mwenye bucha aje alifungue kwa mikono miwili. Kifuniko cha mtungi wa sukari ndiyo usiseme. Kuna wiki nyumba nzima ilikunywa chai ya chumvi, na Kaza akasema ina afya. Ukimuuliza sababu, jibu lake ni moja: kilicholegea ni aibu ya fundi.

Sasa mtu wa namna hiyo, Mungu akamtia moyoni penzi la kuvua samaki.

Ilianza kwenye kibanda cha mitumba, siku alipokwenda kutafuta zipu akarudi na fimbo ya kuvulia. Lakini msidhani aliokota tu. Pale kibandani zilikuwapo fimbo mbili. Moja ilipakwa rangi ya dhahabu, inang'aa kama meno ya tajiri, na ya pili ilikuwa ya kijivu, imebanduka rangi kama sufuria ya shule. Kaza akatoa pamba mfukoni akaanza kuipitisha ndani ya pete za fimbo, zile za kupitishia mshipi, moja baada ya nyingine. Muuzaji akamtazama, akamuuliza kwa upole kama fimbo imeumia. Kaza akamweleza kwamba pamba ikinasa, pete ina ufa, na pete yenye ufa hukata mshipi kama wembe. Kwenye fimbo ya dhahabu pamba ilinasa mara mbili. Kwenye ile ya kijivu ilipita kama inakwenda kwa mjomba wake.

Kisha akaifumbia jicho moja kuona kama imenyooka. Akaikandamiza ncha chini, ikapinda vizuri na kurudi bila kinyongo. Mwisho akachukua ile rili, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ambacho yeye mpaka leo hukiita mashine, akakiweka sikioni na kukizungusha taratibu. Ya dhahabu ilikohoa. Kaza anasema mashine mbovu hukohoa kabla ya kufa, iwe cherehani au nini. Ya kijivu ikanong'ona tu. Akainunua kwa bei ya zipu chache, akaondoka anapiga mluzi, na zipu zenyewe akazisahau.

Kwenye kuitunza ndipo mke wake alipoanza kukosa usingizi. Kila akirudi bwawani, Kaza aliiosha fimbo kwa maji safi, akaifuta kwa vitambaa vya mabaki, akaitia mashine matone mawili ya mafuta ya cherehani, mawili tu, kwa sababu mafuta mengi hukusanya mchanga. Hakuiegemeza kwenye kona, isije ikapinda mgongo. Aliilaza kitandani. Mke wake alipouliza yeye atalala wapi, Kaza akamwambia asiwe na wasiwasi, fimbo haigeukigeuki usiku.

Halafu akaishonea nguo. Mfuko mrefu wa satini ya kijani, wenye bitana ndani na kamba ya kufungia shingoni. Mke alikitazama kitambaa kile akasema, "Fimbo ina gauni, mimi nina kanga ya juzi." Akauliza satini imetoka wapi. Kaza akajibu kwamba ni vipande vipande tu vya kazini, akabadilisha maneno.

Msomaji, mafundi cherehani unawajua. Hakuna kitambaa kilichowahi kutosha. Ukipeleka cha kutosha, kitapungua. Ukipeleka cha ziada, kitapungua zaidi. Kishike hicho kitambaa cha kijani, tutakihitaji.

Tatizo lilikuwa moja: samaki hawakuja. Tuseme walikuja, ila hawakukaa. Kaza alikuwa akienda bwawani kila Jumapili pamoja na yule shemeji yake wa bucha, na kila samaki wa maana aliyeshika ndoana alivuta mara moja tu, mshipi ukasema pa, akaaga. Nyumbani vilikuja vidagaa ambavyo paka alivinusa akamtazama Kaza kwa huruma.

Shemeji alikuwa na fimbo ya bei mbaya iliyojaa mchanga. Hajawahi kuiosha, na akiizungusha husaga kama kinu. Lakini alikamata samaki, na jambo hilo lilimchoma Kaza kuliko sindano. Tena shemeji alimwambia siri yake mara nyingi: ile rili ina breki, kijikofia cha kuzungusha, na breki usiikaze mpaka mwisho. Ilegeze kidogo, samaki akivuta mshipi utoke, achoke mwenyewe. Kaza akamsikiliza kwa adabu. Kisha akaikaza breki mpaka ikalia. Uzi uliolegea, alisema, hata cherehani hukataa kushona.

Basi siku moja mke wa Kaza aliingia chumbani na futi ya mumewe. Pazia la dirisha lao lilikuwa limening'inizwa kwenye kamba ya katani, imelegea katikati, hivyo wapita njia walimwona Kaza akivaa suruali kuanzia magoti kwenda juu. Mke akapima dirisha. Akapima fimbo. Ilikuwa ya vipande viwili, kimoja huchomekwa ndani ya kingine, na kila kipande kilitosha dirisha kama kimeagizwa. Kimoja chumbani, kimoja sebuleni.

"Mume wangu," akasema, "Jumapili hii lete samaki anayejaza kikaango. Usipoleta, fimbo inapanda dirishani. Sigombi, nakuambia tu."

Kaza alijua maana ya mke anayesema hagombi. Akaamua safari hii asiache kitu. Jumamosi akautoa mshipi wote kwenye rili, akauosha kwa maji ya uvuguvugu, akaukausha, akauviringisha kwenye kipande cha boksi, akaufunga kwa gazeti, akauweka mezani dukani, pale mbele ya nyumba. Sasa dukani siku hiyo kulikuwa na kazi ya nesi mmoja wa zahanati, gauni la kijani la arusi ya mdogo wake. Gauni lenyewe nesi alishalichukua. Kilichobaki ni cha kiunoni, utepe mpana wenye ua kubwa la satini, nao Kaza alikuwa ameumaliza, akaufunga kwa gazeti, akauweka mezani.

Na cha kiunoni nacho, kama unavyojua, ni mshipi.

Jioni nesi akapita. Kaza alikuwa chumba cha nyuma, amepiga magoti anakunja pindo, mdomo umejaa pini. Mke wake akapaza sauti kutoka mbele kwamba nesi amefuata mshipi wake, ampe? Mtu mwenye pini mdomoni ana neno moja tu duniani. Kaza akasema, "Mm." Mke akachukua gazeti lililokuwa karibu, akampa, wakaagana kwa kicheko.

Asubuhi Kaza na shemeji wakafika bwawani. Jua lilikuwa zuri, maji yametulia, shemeji ameleta vipande vya maini kutoka buchani kwa ajili ya chambo. Kaza akaivua fimbo gauni lake, akaunganisha vipande viwili, akachomeka mashine iliyopakwa mafuta. Akafungua gazeti.

Likatoka ua la satini.

Shemeji aliutazama ule utepe unavyoteremka mpaka kwenye majani. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, kama leo wanavua samaki au wanamposa. Kisha hakujizuia tena. Alicheka mpaka akakaa, na alipokaa alikalia ndoana yake mwenyewe, na hata hapo aliendelea kucheka huku akiichomoa.

Kaza akaomba mshipi wa akiba. Shemeji alikuwa nao, lakini ulikuwa mnene kama kamba ya mbuzi, kwenye ile mashine ndogo haukutaka hata kukaa. Kaza akatazama maji. Akaiona fimbo yake juu ya dirisha la sebule, imevaa pete za pazia. Akajipapasa mifukoni, kama afanyavyo mtu aliyekata tamaa, akakuta kilichokuwamo siku zote: kibonge cha nta na kidonge cha uzi wa kushonea jinzi.

Akaukunja uzi kwenye mashine, anaupaka nta hatua kwa hatua. Shemeji akamwambia, "Shem, huo utakatika hata kwa konokono."

"Najua."

"Sasa?"

Kaza akaendelea kupaka nta. Uzi anaujua. Mshipi wa nailoni aliuamini kwa kuwa hakuujua, akaukaza. Lakini uzi wa jinzi amelala nao na kuamka nao. Anajua ukomo wake kama anavyojua ukomo wa mkewe. Mkono wake ukaenda kwenye breki. Ukasimama. Ukajaribu kukaza, kwa mazoea, ukazuiwa na mkono wa pili. Halafu, mbele ya shahidi mmoja mwenye tundu kwenye suruali, Kaza akalegeza kitu kwa mara ya kwanza maishani.

Akafunga ndoana, akachomeka kipande cha ini, akarusha. Hakukaa sana. Ncha ya fimbo ikainama, mashine ikaanza kulia zzzz, na uzi ukatoka kwenda katikati ya bwawa. Zamani angekaza. Sasa alikuwa akisikia ile sauti, na sauti ile aliijua, ni sauti ya cherehani kwenye pindo refu. Na kwenye pindo refu kuna sheria moja ambayo Kaza humfokea kila anayemfundisha: kitambaa hakivutwi, kinaongozwa. Basi akamwongoza. Akikimbia, anamwacha. Akipumzika, anamzungushia kidogo. Wakaenda hivyo, kushoto, kulia, mpaka shemeji akasahau maumivu yake, akawa ananong'ona, "Polepole, shem, mshone tu, mshone."

Akatokea kambare. Kichwa kipana, sharubu ndefu, uso wa mtu aliyeamshwa. Alikuwa mkubwa kuliko kikaango, mkubwa kuliko ahadi. Uzi wa jinzi usingeweza kumnyanyua kutoka majini, na wavu wa kumkingia hawakuwa nao. Shemeji akatazama huku na huku, akanyakua kilichokuwa karibu, akampitishia kambare chini ya mashavu, kikatokea mdomoni, akamvuta nchi kavu. Alikuwa amenyakua utepe wa nesi. Ua la satini likakaa sawasawa chini ya kidevu, na kweli, wote wawili walikubaliana kwamba limempendeza.

Waliingia nyumbani adhuhuri, kambare amening'inia begani kwa Kaza na ua lake. Sebuleni alikaa nesi. Amevaa gauni la kijani, amejipamba, na mkononi ameshika kipande cha boksi chenye mshipi wa kuvulia.

Nesi akautazama mshipi wake. Kambare naye, kwa jinsi alivyoning'inia, akamtazama nesi.

"Fundi," nesi akasema, "arusi ni saa tisa."

Kaza akaanza kumpa pole, akasema dada yangu, ni pini, ni pini ndizo zilizoleta haya yote. Nesi akasema pini hazijui kushona, ashone. Kaza akasema kitambaa hakuna. Na hapo, wapenzi wangu, macho ya nesi yakateremka polepole kutoka kwa kambare, yakapita bega la shemeji, yakatua kwenye fimbo. Fimbo ilikuwa imesharudishiwa gauni lake, satini ya kijani, bitana ndani, kamba shingoni.

Nesi akaishika ile satini. Akashika ya gauni lake. Akazilinganisha.

"Uliniambia kitambaa kimepungua," akasema. "Nikanunua kingine. Kumbe kimepungua kwa kuwa tulikuwa wawili."

Shemeji akatoka nje kwenda kuchekea huko. Mke wa Kaza akasema yeye aliuliza tangu mwanzo, na hakujibiwa. Kaza hakubisha. Akaivua fimbo gauni mbele ya hadhira, akalifumua mishono, akakaa kwenye cherehani, na utepe mpya ukawa tayari kabla kambare hajamaliza kupasuliwa. Nesi akaufunga kiunoni. Akataka kuufungua kidogo, umembana. Haukufunguka. Ikabidi aitwe shemeji.

Kikaango hakikutosha, kambare ilibidi aingie kwa zamu, mkia kwanza. Mke alikula, akanawa mikono, akasema fimbo ibaki. Ila pazia lilikuwa bado limelegea, na yeye hajasahau. Kaza akachukua ule mshipi wa nailoni uliorudi, akaufunga kutoka msumari mmoja hadi mwingine, akaukaza kwa nguvu zake zote mpaka ukawa unalia ukiugusa. Wapita njia hawajaona kitu tangu siku hiyo. Bwawani huenda na uzi wa jinzi.

Shemeji alijaribu kumwita Legeza. Jina halikushika, maana Jumatatu asubuhi mtungi wa sukari ulikataa tena kufunguka.

Nesi alirudi wiki iliyofuata. Kaza alidhani amekuja kudai kitambaa chake kilichobaki, akaanza kukitafuta mwenyewe. Kumbe la. Alitaka ashonewe utepe mwingine, wa satini ambayo haijawahi kwenda bwawani. Arusi ilikuwa nzuri, alisema, ila kila alipoinuka kucheza, paka watatu waliinuka naye.