Koko na Dirisha la Motokari

Nilipokuwa mtoto, rafiki yangu, niliamini kabisa, kama ninavyoamini kwamba mvua ya Brussels inalowesha, kuwa Amerika mtu asiye na gari hauziwi chakula. Mkate unapokelewa dirishani mwa gari, dawa dirishani, hata pesa za benki dirishani. Anayekuja kwa miguu, muuzaji anamtazama kama anavyotazama upepo, kisha anamhudumia aliye nyuma yake.

Wiki iliyopita nilipita mtaa wetu wa zamani wa Saint-Gilles, karibu na stesheni ya treni ya Gare du Midi. Nyumba imepakwa rangi mpya, lakini nilipotazama juu nililitambua dirisha la jiko letu. Ni jikoni pale habari ile iliponifikia, ikiwa imechanganyika na harufu ya sombe, kisamvu chetu.

Sombe ilikuwa kazi ya koko, mama yake mama. Jumamosi aliitwanga kinuni, na jirani wa chini akaitikia kwa kugonga dari na mpini wa ufagio. Kinu, ufagio, kinu, ufagio, mpaka tramu zikapita kwa mdundo wetu. Mimi nilishikilia kinu kisije kikahamia Laeken, upande wa pili wa mji.

Mwaka ule watoto wawili wa koko walimgombania kwa simu. Mama mdogo alimtaka Londoni, mjomba alimtaka Amerika. Bon, mjomba ndiye aliyetangulia kupata karatasi za safari.

Kwangu ingekuwa heri Londoni. Mama mdogo alisimulia kwamba kila kona ina kaduka, mtu anatoka na ndala zake kununua maziwa ya chai, au mkate wa pembetatu uliokwisha kupakwa na kufungwa, anasimama kwenye mstari wake, na ukimkanyaga yeye ndiye anayekuomba radhi. Magari yalikuwa yakipita upande usio wa kawaida, sawa, lakini koko asingekufa njaa. Tena treni ya kwenda huko iliondokea jirani tu, ningeikimbilia hata na soksi.

Habari za Amerika zililetwa na tonton, ndivyo tulivyomwita kwa heshima jirani wa ghorofa ya juu. Alikwenda arusini wiki moja, akitembezwa na gari la mpwa wake, akarudi profesa. Alikaa mezani kwetu akimaliza ndagala wetu, dagaa wa nyumbani, akaeleza kwamba chupa ya maziwa kule unaweza kumwogeshea mtoto ndani yake, kwamba yuko mtu kazi yake ni kukufungia mifuko tu, na kwamba barabara hazina hata nafasi ya kuweka mguu.

"Kule bila motokari hauko muntu," alisema, akimega bugali. "Utakula nini?"

Mama alicheka, koko alicheka. Mimi nilirudisha tonge sahanini, maana koko hakuwahi kuendesha hata baiskeli.

Donc, basi, nilianza kumfundisha kununua kwa gari. Kati ya jiko na sebule palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani. Niliweka kiti mbele yake, nikampa koko kifuniko cha sufuria kiwe usukani, nami nikasimama jikoni kama muuzaji. Kila mara alikosea. Alifika dirishani vizuri, kisha anateremka, anazunguka hadi jikoni, ananishika mkono, anauliza habari za nyumbani kwangu, ndipo anabonyeza mkate kuona kama ni wa leo.

"Koko, baki mu motokari," nilimsihi.

"Nitauza kwa muntu bila kumusalimia?" aliuliza, kwani kwetu kuuza na kununua ni neno moja.

Nililia machozi ya kweli. Niliona wazi kwamba salamu zile ndizo zitakazomuua.

Alipoondoka nilimchomekea mkate mzima kwenye mkoba. Baada ya hapo, kila alipopiga simu niliruka salamu na kuuliza kama amekula. Alijibu amekula. Sikumwamini, mtu mzima hatangazi njaa yake kwa mjukuu. Mezani nikaanza kuacha kipande cha bugali, nisijue nitakifikishaje.

Leo koko hayupo. Tonton amehamia Auderghem, kinu hakijulikani kilipo, na nasikia kidirisha kile kimezibwa. Sombe yenyewe sasa tunainunua imekwisha kutwangwa, imegandishwa kama jiwe, na hakuna jirani anayegonga dari. Ningeulipa ufagio ule mshahara ugonge tena.

Kilichobaki ni simu moja. Nilikuwa nimeshindwa kuvumilia, nikamwuliza koko ni nani anayempeleka dirishani. Nilisikia sufuria yake ikitokota huko ng'ambo.

"Magazini ya mikate iko na mulango, mutoto wangu," alisema. "Naingiaka na miguu, nasalimiaka, nauza. Tonton yako ndiye hakushukaka mu motokari."