Breki za Watu Wawili

Habari za kifo chake nilizipata sokoni, nikiwa katikati ya kupatana bei ya nyanya. Mama muuzaji, ambaye kwa miaka yote hajawahi kunipunguzia kitu bila vita, alinitazama akasema, "Tata, habayakuambia? Fundi yako ya frein alikufa juzi." Kisha akaongeza nyanya juu ya fungu bila mimi kuomba. Hapo nikajua kwamba ni kweli, fundi wangu wa breki amefariki. Hata hivyo nilimuuliza tena, maana ninyi mnaosoma safu hii mnanijua: jambo lililosemwa mara moja, kwangu halijasemwa. Akarudia, kwa sauti ya chini zaidi. Nilibeba nyanya zangu nikaondoka, na sikumbuki kama nilizipika.

Hatukuwa marafiki. Ukiniuliza alikuwa nani kwangu, nitakujibu kwamba alikuwa sauti chini ya gari. Nilimfikia mara ya kwanza siku niliyokuwa nikitoka Tenke kurudi Kolwezi, nikiwa nyuma ya lori la madini, pale pedali ya breki ilipozama kama kidole katika bukari ya moto, ugali wetu wa huku. Nilisimamishwa na breki ya mkono pamoja na majina ya watakatifu wote niliowakumbuka. Banda lake lilikuwa mbele kidogo, kando ya barabara, bati lake jekundu kwa vumbi. Alinicheka kabla hajanisalimu. "Tata, ulikuja na gari ao gari njo ilikuleta?" Akakaa kwenye kiti changu, akapiga pedali harakaharaka, ikapanda. Akaikanyaga na kuishikilia, ikashuka polepole kama mtu anayesinzia. "Unaona? Kama inapanda, njo kusema mu tuyau ya mafuta muliingia upepo. Kama inashuka tena, kuko fasi inavuja." Akalala chini, akapitisha kidole nyuma ya kila gurudumu, mpaka akakuta pale ambapo vumbi letu lilikuwa limegeuka tope. Mpira wa silinda ndogo ya gurudumu la nyuma ulikuwa umekatika.

Mimi nilikuwa tayari nimejinunulia mafuta ya kutia kwenye breki kando ya njia, kwa bei iliyonifurahisha. Katika mji wetu kila kitu cha mgodini hatimaye huvuja na kuuzwa katika chupa za maji, na mafuta hayo madereva wengi huyatia kwenye breki kwa kuwa yanateleza na ni rahisi. Fundi alinusa, akakunja uso. "Iyi ni ya mashini ya mine. Ukitia umu, mipira yote itavimba sawa tumbo ya chef." Akayamwaga yote. Nilidai angalau chupa tupu.

Baada ya kubadilisha mpira ilibaki kuutoa upepo, na hapo alikuwa na sheria yake: mwenye gari ndiye anayekaa kwenye pedali. Mtu mwingine hakubaliwi. Mimi juu, yeye chini.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Shika!"

"Nimeshika."

Alifungua skurubu, pedali ikaanguka chini ya mguu wangu, akaifunga. "Achia." Kati ya amri moja na nyingine alizungumza. Wenzake wote wa banda walikuwa wameingia kampuni za madini. Mkewe alizikwa Sandoa. Watoto walikuwa Lubumbashi, nao walipiga simu walipokuwa na yuniti, yaani mara chache. Aliyasema hayo kwa sauti ileile ya kuomba ufunguo namba kumi. Nami nilijaribu kupatana naye bei kutoka kitini, akanijibu kutoka chini, "Tata, mutu mwenye kushika frein yako mu mukono, unamusumbua juu ya nini? Kanyaga!"

Mara ya tatu au ya nne nilipopita kwake, nilishuka kuhakikisha kwa macho yangu. Mafuta yalikuwa yakitoka safi, bila povu hata moja. Nikamwambia, "Fundi, upepo uliisha." Hakuinua kichwa. "We njo mekanisiye? Panda, upepo ungali umo." Nikapanda. Pedali ilikuwa ngumu kama jiwe, na mchana ule wote tulitoa upepo usiokuwepo. Sikudai maelezo. Kwa mtu wa hesabu kama mimi, huo ulikuwa utulivu wa ajabu.

Kwenye kilio chake viti vilikuwa vingi kuliko watu. Tulioketi tulikuwa wenye magari, kila mmoja amepaki mbele kwa kuziamini breki zake, jambo lisilo la kawaida Kolwezi. Fundi mmoja wa jirani alitoa mpira mwembamba uliotumbukizwa katika kichupa, akatuonyesha. "Frein za gari za kampuni alikuwa anazifanya peke yake na iyi. Upepo unatoka, haurudie. Hakuna kuita mutu." Nilimuuliza tena. Alithibitisha. Dereva mmoja wa teksi akasema polepole, "Kumbe. Mi aliniambia yangu njo gari ngumu kutoa upepo kupita zote." Mwingine akasema naye aliambiwa hivyohivyo. Tukatazamana, tukacheka, halafu hakuna aliyejua kicheko kile akiweke wapi.

Huu ni mji wa zamu. Mmoja anarudi kutoka mgodini wakati mwingine anatoka kwenda, nao hupokezana kitanda bila kuonana. Tunajua bei ya shaba kila asubuhi, lakini jirani akiugua tunaambiwa na muuza nyanya. Katika mji kama huu mtu hawezi kusimama barabarani akasema, "Njooni mkae nami, mchana ni mrefu." Watu wangemcheka. Inabidi atafute sababu yenye heshima, na fundi wetu aliipata kwenye magurudumu yetu.

Nimetafuta funzo la kuwaachia, na baada ya kulipima mara mbili nimebaki na hili tu. Mtu akikuambia kazi haijaisha, nawe unaona wazi kwamba imeisha, usiwe na haraka ya kumsahihisha. Kaa. Nyanya zitangoja.