Barua Moja, Walimu Wawili

Dada yangu anafundisha hesabu, na wanafunzi wamembandika jina la Onyesha Njia, kwa sababu ukimpa jibu bila kuonyesha ulivyolipata hakupi hata alama ya huruma. Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani, na tunaishi nyumba moja. Cherehani yangu iko sebuleni, kwa hiyo mambo haya yote yamepita mbele ya macho yangu. Hasira niliyo nayo si ya kusimuliwa.

Alitaka kusoma shahada ya uzamili. Si kwa ajili ya cheo, maana angekitaka cheo angekuwa nacho zamani. Kuna swali lililomkera tangu aanze kazi: mbona mtoto anayejua kurudisha chenji dukani bila kukosea anatetemeka akiona hesabu ya kutoa ubaoni? Chuo kikuu kilikuwa na nafasi chache za ufadhili kwa walimu walio kazini, mradi wasizidi miaka arobaini na mitano. Dada alikuwa nayo hiyo arobaini na mitano. Ilikuwa mwaka huu au basi tena.

Vyeti alikuwa navyo. Maelezo ya utafiti aliyaandika, akayafuta, akayaandika upya mpaka nikamwambia hata kompyuta nayo inachoka. Kilichobaki ni barua ya mapendekezo. Mkuu wa shule alitakiwa aiandike na kuituma mwenyewe chuoni kwa mtandao, mwombaji asiione.

"Mwalimu, wewe ndiye nguzo ya shule hii," mkuu akamwambia, akimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Ila mimi vikao vimenifika puani. Iandike mwenyewe, mimi nitatia saini na kuituma."

Pale shuleni kwao ndivyo mambo yanavyokwenda, na dada hakuona ajabu. Tatizo lilianza alipokaa kuandika. Mtu anayeweza kumsifu mtoto wa mwenzake ukurasa mzima alishindwa kujisifu mistari miwili. Alikaa kwenye meza yangu ya kukatia, vitambaa vya wateja vimesukumwa pembeni, akikodolea macho kioo cheupe cha kompyuta.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," akasema. "Mimi naona haya, mdogo wangu."

"Basi kaa hapo ujiuze. Tuone mnunuzi atakayeingia humu sebuleni."

Alicheka, tukaanza. Mimi nilisema, yeye akaandika, na kila aliposita nilimsukuma. Tukaandika jinsi anavyokusanya vizibo vya chupa na kuwafundishia watoto kutoa. Tukaandika jinsi anavyobaki baada ya kengele na kuketi sakafuni na watoto wa dawati la nyuma. Tukamtaja yule msichana aliyekataa kukanyaga ubaoni mwaka mzima, ambaye sasa anawaelekeza wenzake. Tulipomaliza aliisoma kwa sauti, na machozi yakamlengalenga.

"Huyu mtu ningependa kumfahamu," akasema.

Alimpelekea mkuu mapema sana, siku ya mwisho bado iko mbali. Basi ukawa wimbo wa kila siku. Leo mtandao hakuna, kesho kuna mgeni kutoka wizarani, keshokutwa neno la siri limemtoka kichwani. Nikamwambia dada aende akaketi mlangoni kwa mkuu mpaka barua iende.

"Si vizuri kumsumbua mkubwa," akanijibu. "Amesema atatuma."

Niliposikia hivyo nilitamani kumpiga na rula ya kupimia nguo. Barua ilitumwa siku ya mwisho, jioni, dirisha la maombi likikaribia kufungwa. Dada alishukuru kana kwamba amepewa zawadi.

Majibu yalipokuja, yalikuwa ya kumwita ofisi ya udahili. Ombi lake lilikuwa limesimamishwa. Barua yake ya mapendekezo ilifanana neno kwa neno na ya mwombaji mwingine kutoka shule hiyohiyo.

Mwombaji huyo alikuwa mwalimu wa michezo, kijana mwema, sina ugomvi naye. Naye alimwomba mkuu barua, akaambiwa aandike mwenyewe, akasema hajui kuandika mambo hayo. Mkuu akamtuliza kwamba asihangaike, anayo nzuri mkononi. Akaifungua ya dada, akabadilisha jina, akaituma papo hapo kwa kuwa kijana alikuwa amesimama mlangoni na haondoki. Kwa hiyo huko chuoni inajulikana kwamba mwalimu wa michezo, ambaye sijawahi kumwona bila filimbi shingoni, anafundisha kutoa kwa vizibo vya chupa na kuketi sakafuni na watoto wanaoogopa hesabu.

Dada akamfuata mkuu ofisini kwake, akamwomba apige simu aeleze.

"Niwaambie nini, Mwalimu? Kwamba nimetuma barua moja mara mbili? Unataka niaibike?" mkuu akasema. "Nilijua wewe ni mtu wa nyumbani, huna neno."

Fadhila za punda ni mateke. Miaka yote hiyo dada alimshikia vipindi vyake bila kunung'unika, na haya ndiyo malipo.

Siku ya kwenda chuoni nilifunga cherehani nikamsindikiza. Njia nzima nilimfundisha: mkuu ndiye aliyeandika, mkuu ndiye aliyekosea, wamtafute yeye. Alikuwa akiitikia tu kwa kichwa.

Karani wa udahili alikuwa mama wa makamo aliyevaa miwani. Alitusikiliza kwa adabu, huku foleni ikirefuka nyuma yetu.

"Utaratibu wetu ni huu," akasema. "Barua iliyofika kwanza tunaihesabu kuwa halali. Iliyofuata tunaichukulia imenakiliwa. Mwenzako ameshaitwa kwenye usaili. Nikusaidie vipi? Niambie tu, hii yako aliiandika nani?"

Nilimkanyaga dada mguu. Akauondoa.

"Mimi," akasema. "Niliiandika mimi, kila neno. Hata ile ya mwenzangu ni yangu."

Karani akavua miwani. "Mama, mwombaji haruhusiwi kujiandikia. Ukishanitamkia hivyo sina namna, inabidi nilifunge ombi."

Akabonyeza, likafungwa. Ilikuwa rahisi hivyo tu.

"Na huyo aliyebeba barua ya mwenzake?" nikafoka. "Yeye ndiye anayefaa?"

"Yeye hajasema kitu," karani akajibu.

Dada akanishika mkono ninyamaze. Hakuwa analia, uso wake ulikuwa umechoka tu. Alikusanya vyeti vyake, akavipanga, akavirudisha kwenye bahasha. Karani alimtazama muda wote huo, kisha akainama kidirishani na kushusha sauti ili foleni isisikie.

"Hata mimi yangu niliiandika mwenyewe," akasema.

"Ukapata nafasi?" dada akamuuliza.

"Nilipata," akajibu, akavaa miwani yake na kumwita anayefuata.