Tulipohamia Lami

Bega langu la kulia haliinuki vizuri tangu lile lori litupige. Nikikimbia, mkono huo unakaa kama umebeba kitu. Kocha ananiambia niusahau, niangalie mbele. Yeye ni mmoja wa wale nitakaowataja hapa. Jina lake sitaliandika, lakini akisoma atajijua.

Mimi nauza samaki hapa Kitengela. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo nikiandika vibaya mtanisamehe. Kukimbia nilianza kwa sababu ya presha. Daktari alisema nifanye mazoezi, nami nilikuwa nawaona wamama wa mtaa wetu, wale waume zao wanafanya kazi Nairobi, wakikimbia kila Jumamosi asubuhi na kocha wao, mwanajeshi aliyestaafu. Nikajiunga nao na viatu vya mtumba.

Mwenzangu aliingia kwa njia yake. Alikuwa Mmaasai wa upande wa Kajiado, aliolewa hapa Kitengela na alikuwa anauza maziwa. Alikuwa anatupita na mitungi yake akitucheka. Jumamosi moja akaacha mitungi dukani, akatufuata na ndala zake za tairi, na akatuacha nyuma sisi wote na viatu vyetu. Tangu siku hiyo alikuwa wetu, na zaidi alikuwa wangu, kwa sababu biashara zetu zilikuwa zinafunguka saa moja na tulikuwa tunatoka mapema pamoja hata siku za katikati ya wiki.

"Wewe mtu wa samaki," alikuwa ananiambia, "hiyo ni mbio ama unatafuta mahali pa kulala?"

"Na wewe bila ng'ombe mbele yako hujui unaenda wapi."

"Najua. Naenda mahali hakuna harufu ya samaki. Ndio maana niko mbele."

Halafu kulikuwa na ile bahati nasibu. Mama mmoja wa kundi, mwenye simu nzuri, alituandikisha wote kwenye mbio kubwa ya Ujerumani. Huwezi kwenda tu, lazima jina lako lichaguliwe. Tulichaguliwa wawili, muuza samaki na muuza maziwa. Wale wenye saa za kupima mapigo ya moyo hawakuchaguliwa hata mmoja. Siku hiyo tulicheka mpaka tukakaa chini.

Basi tukaanza kupanga. Pasipoti, viza, kulala wapi, kula nini. Chama cha akina mama kikasema kitasimamia gharama ya tiketi. Binti wa mama mmoja anasoma huko, akasema tutalala kwake, sakafuni, hakuna shida. Mwenzangu aliogopa kitu kimoja tu, maziwa ya pakiti. Mimi nikamwambia nitabeba omena, wale dagaa wakavu.

"Ukibeba omena kwa ndege," akasema, "hiyo ndege itafika Sudan irudi kwa ajili ya harufu."

Sasa niseme tulikuwa tunakimbilia wapi, kwa sababu ubaya ulianzia hapo. Nyuma ya mtaa wetu kulikuwa na uwanda mtupu na njia ya ng'ombe. Ilienda mbali, upande wa Kisaju, udongo laini, hakuna gari. Wakati wa kiangazi hata ng'ombe wa baba yake mwenzangu walikuwa wanapita hapo zamani. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yetu ya mazoezi.

Lakini watu walikuwa wananunua ploti. Na mimi na mume wangu tulinunua. Hiyo siwezi kuiruka nikatukana wengine tu. Yule broka aliyetuuzia alimwambia mume wangu aweke waya haraka, la sivyo jirani atamlia kipande. Yule broka alijua kuna njia hapo. Alikuwa anapita nayo yeye mwenyewe na pikipiki akileta wateja. Mume wangu akaleta nguzo na waya wa miiba. Nikamuuliza, "Na hii njia ya ng'ombe?"

"Njia ni ya nani?" akasema. "Iko kwa hati?"

Nikanyamaza. Sitasema nilishindwa kujibu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimekodisha nyumba za watu miaka mingi, na nilitaka geti langu.

Jumamosi iliyofuata mwenzangu akafika kwa waya, akasimama, akashika nguzo moja akaitikisa.

"Kumbe ni nyinyi!" akasema. "Na mlango mmeweka mahali ng'ombe za baba yangu walikuwa wanakunywa maji ya mvua." Akacheka. Angekasirika ningekuwa na la kumjibu, lakini alicheka tu, tukazunguka. Baada ya sisi kukaja jirani, na jirani wa jirani, na ile njia ikaisha kabisa. Huwezi kukimbia ukihesabu nguzo na kuruka mitaro ya misingi ya nyumba.

Hapo ndipo kocha akaingia. Alisema ni afadhali. "Ujerumani ni lami mwanzo mpaka mwisho. Mtu wa udongo akifika kule magoti yanakwisha. Kuanzia leo ni lami."

Mwenzangu akamwambia, "Kocha, lami itatungoja tu. Si tutafute udongo mahali pengine, hata kule Isinya?"

"Wewe umewahi kufika Ujerumani?"

"Hapana. Na wewe?"

Wamama wakaanguka kwa kicheko. Kocha hakucheka, na jambo likabaki vile amesema. Angekuwa mtu wa kusikia mama wa maziwa, leo hii singekuwa naandika.

Tukahamia barabara ya Namanga. Alitufundisha tukimbie tukiangalia magari yanayokuja, ndio tuyaone. Hiyo ni kweli, hata watoto wa shule wanafundishwa. Lakini kuna magari yanayotoka nyuma yako yakipita mengine, yanahamia upande wako na wewe huna macho kisogoni. Hayo hakutufundisha. Na yule mkandarasi wa barabara aliacha ukingo umekatika vibaya, lami nyembamba halafu shimo halafu udongo, kwa hivyo tukikimbia wawili mmoja anakuwa juu ya lami na mwingine chini kwenye udongo. Kocha alitaka kila mtu ale lami yake sawa, kwa hivyo tulikuwa tunabadilishana. Tukifika kalavati, aliyekuwa chini anapanda na aliyekuwa juu anashuka. Hatukuwa tunasema kitu, tulikuwa tunapishana tu.

Asubuhi ile nyonga yangu ilikuwa inauma tangu tuanze. Tulipofika kalavati ilikuwa zamu yangu kupanda. Akaniangalia nikichechemea.

"Baki udongoni, mtu wa samaki," akasema. "Nitakuita nikichoka."

Nikabaki. Ningeweza kusema hapana, ni zamu yangu. Sikusema. Nilifurahi. Hiyo furaha ndiyo inaniamsha mpaka leo, maana naikumbuka vizuri kuliko hata sauti ya lori.

Lilikuwa lori la mchanga. Lilikuwa linapita lori lingine na likatutokea nyuma. Mimi nilitupwa mtaroni, bega likavunjika. Yeye hakupelekwa hospitali, alipelekwa mochari.

Dereva aliuliza polisi mbele yangu, nikiwa bado nimekaa chini na damu, "Hawa wamama walikuwa wanafanya nini barabarani?" Sura yake ninaijua. Alikaa ndani siku chache akatoka, na nimeshamwona tena kwa usukani, anapita hapa kwetu na mchanga wa watu wanaojenga. Tulijenga na mchanga kama huo. Sijui kama ni yeye aliyetuletea, na sitaki kuuliza.

Kocha alikuja hospitali na ndizi. Alilia, sikatai. Lakini alikuwa pia na ratiba mpya mfukoni, ya mazoezi ya mtu aliyevunjika bega. Pasta naye alisema Mungu aliniacha kwa kusudi. Nikamuuliza kama Mungu alikuwa anaangalia upande mmoja tu wa barabara. Tangu siku hiyo hajaniuliza habari ya maombi.

Kwenye mazishi nilisimama nyuma, mkono umefungwa kifuani. Sikumsalimia mama yake. Niliondoka kabla ya chakula. Kisha miezi ikapita, bega likakaa, na wamama wakaanza: nenda, kimbia kwa niaba yake. Mume wangu pia akasema nafasi ni yangu, sikumnyang'anya mtu. Siku ya viza ikawa karibu. Nikaona siwezi kwenda wala kukataa kabla ya kumwona mama yake. Nikajiambia neno lake litakuwa la mwisho.

Nikaenda, nimebeba sukari na majani ya chai. Kutoka Kajiado mjini ni pikipiki, kisha kutembea. Nilimkuta nyuma ya zizi, amepiga magoti, ameshika mwana-mbuzi ili amnyweshe dawa. Nikainamisha kichwa kama mwenzangu alivyonifundisha. Aliniambia kwamba mbele ya mama yake hata mtu mwenye wajukuu ni mtoto. Mama akaachilia mkono mmoja akanigusa kichwani, haraka, na mkono ukaacha dawa kwenye nywele zangu.

"Takwenya," akasema, ile salamu yao.

"Iko, yeyo," nikajibu, yaani mama.

"Wewe ndio ile ya samaki. Umekaa sana bila kuja. Shika miguu ya hii mbuzi."

Nikashika. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakaisha. Nikamwambia juu ya kalavati, vile zamu ilikuwa yangu. Nikamwambia juu ya waya wetu.

"Ya waya najua," akasema. "Alikuja hapa akinicheka, ati rafiki yangu amefungia ng'ombe za baba nje. Bado iko hiyo waya?"

"Bado iko."

Akafungua mdomo wa mbuzi na kidole.

"Yeyo, nimekuja kuuliza ile safari ya Ujerumani. Ukisema nisiende, siendi."

Akaniangalia. Macho yake ni kama ya binti yake, na kwa hilo sikuwa nimejitayarisha.

"Wewe unataka nikukataze, ndio upumzike," akasema. "Sikukatazi. Shika vizuri, inaponyoka."

Nilisikia aibu mpaka masikioni, kwa sababu ilikuwa kweli. Angenikataza ningelia, ningerudi kwa samaki wangu, na watu wangesema amekataliwa maskini.

Baadaye kidogo akauliza, "Huko mtakimbilia wapi? Porini?"

"Hapana. Barabarani, katikati ya mji."

Mkono wake ukasimama na chupa ya dawa. "Barabara ya magari?"

"Wanaifunga, yeyo. Siku hiyo hakuna gari linalopita. Polisi wanasimama kila kona."

"Wanafunga barabara kubwa."

"Yote."

"Kwa sababu ya watu wa kukimbia? Kama nyinyi?"

"Ndio. Wengi kama sisi. Hata wazee."

Akamwachilia mbuzi. Mbuzi akaondoka akitikisa kichwa, dawa ikimtoka kidevuni. Mama hakusimama, alikaa na mikono mapajani.

"Msichana wangu alijua hiyo?"

"Alijua. Alisema siku hiyo atakimbia katikati kabisa, apanue mikono, aone nani atampigia honi."

Nilidhani atacheka, kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka mwenzangu akisema hivyo. Uso wake ukakaza. Akasema kitu kwa Kimaasai, si kwangu, kisha akarudia Kiswahili polepole ili nisikie: "Kumbe inawezekana."

Nilikuwa nimekuja na orodha yangu ya watu wabaya kichwani, dereva, kocha, mkandarasi, broka, mume wangu, na mimi nikiwa mwisho, na mama huyu kwa neno moja akawa na hasira kubwa kuliko ya sisi wote. Hasira yangu ilikuwa inatafuta nani alimuua. Yeye alikuwa ameambiwa sasa hivi kwamba haikuwa lazima afe.

Akachukua sukari, akaniambia nikae nikunywe chai. Nilikunywa yote, maziwa mengi, moshi mwingi. Wakati wa kuondoka akanisindikiza mpaka mwisho wa ua wa miiba.

"Enda," akasema. "Ukirudi ukuje uniambie kama walifunga kweli. Usinidanganye. Kama walifunga kidogo, sema kidogo."

Nikamwahidi. Njiani kurudi sikusikia nafuu niliyokuwa nimeifuata. Nilikuwa na uzito uleule, na sasa ulikuwa na tarehe ya safari.

Siku ya viza nilivaa gauni la kanisa. Nilipanga foleni na vijana wa chuo na wanaume wenye suti, mpaka nikaitwa dirishani. Msichana aliyekuwa nyuma ya kioo alikuwa na adabu. Aliuliza naenda kufanya nini, nikasema kukimbia. Akainua macho, akatabasamu.

"Mama, unasafiri peke yako ama mko wawili?"

Nikaangalia kipaza sauti kile kidogo cha kuongelea. Watu nyuma yangu wakaanza kusogeasogea.

"Mama? Umesikia swali?"

"Nimesikia," nikasema. "Peke yangu."

"Sema kwa nguvu kidogo, hapa haisikiki."

Ikabidi nirudie.