Kache na Dawa Iliyoua Kunde

Jua halijapanda sawasawa, na Makadara tayari pana zogo la wauza mboga. Kache wa Jefwa anatua pakacha lake, anachomoa jani moja la mchunga, bichi, chungu kama shubiri, na kulitafuna mbele ya wateja. Hacheki. Anameza, ndipo anaanza kupanga mafungu.

"Wasiponiona nikila, hawanunui," anasema. "Na siwalaumu."

Tangu vita vikuu viishe, mama huyu wa Kigiriama amekuwa kibarua wa palizi katika vishamba vya kunde huko Tudor. Mapatano yake na wenye mashamba ni ya mdomo tu: ujira ni kidogo, lakini kila kinacholika katika magugu ni chake. Ndago na nyasi anazitupa. Mchunga, mnavu na mchicha wa porini anavileta mjini, vinaliwa.

Kazi yenyewe haina mzaha. Kunde changa haiwezi kugombania ardhi; ikisongwa na magugu wiki za mwanzo inadumaa, na mwenye shamba anavuna majani ya njano. Ndiyo maana Kache huinamisha mgongo kutwa.

Mwezi uliopita alikwenda shamba la Bwana Gharib, mmoja wa wenye mashamba hao, kukiwa bado kiza. Huchuma mboga kwanza, kwa sababu mchunga uliochumwa na umande wake haunyauki upesi, kisha hurudi na jembe. Siku hiyo majani yalikuwa na harufu kali. Hakushtuka. Watu wa afya hupita kila mara wakimwaga mafuta ya kuua mbu madimbwini, na Tudor nzima hunuka.

"Nikasema, ni yale yale mafuta yao," anakumbuka. "Nikachuma."

Akauza Makadara, mafungu yaliyobaki akamwachia mwenzake, na fungu moja nono akampelekea Bi Swabaha wa mtaa wa Ndia Kuu, mteja wake wa siku nyingi.

Aliporudi shambani na jembe, hakulima. Kunde zote zilikuwa zimejipinda, mashina yamelala chini, majani yamejikunja kama karatasi iliyopitiwa na moto. Na katikati yake ndago zimesimama wima, kijani kibichi, hazina habari! Bwana Gharib alikuwa ukingoni, kashika kiuno.

"Bwana Gharib, kunde zimeingiwa na nini?"

"Hata mimi sielewi, Kache. Jana magharibi nimetia dawa ya magugu. Mwenye duka aliniapia, yauwa magugu, mazao haiyagusi."

"Umetia wapi?"

"Shamba zima."

"Hata kwenye mchunga?"

"Kwani mchunga si magugu?"

Kache akapiga ukelele. "Bwana we! Watu wanaula!"

Mwenye duka alisema kweli nusu. Dawa ile imeletwa kwa ajili ya ngano ya bara. Huua mimea ya majani mapana na kuiacha ya majani membamba, kama nyasi na ndago. Kunde ina majani mapana. Bwana Gharib ameangamiza mazao yake kwa mkono wake mwenyewe na kuyaachia magugu uwanja. Mtu hajui acheke au alie.

Kache hakungoja maelezo. Alikimbia hadi Makadara, akayaondoa mafungu yaliyobaki, akapiga kelele soko zima kwamba aliyenunua asipike. Kisha Ndia Kuu. Kwa Bi Swabaha aliingia bila kubisha hodi, jambo ambalo hajapata kulifanya maishani mwake.

"Kache! Waingia nyumba ya watu hivi hivi?"

"Bibi, mchunga uko wapi?"

"Nishaupika. Mwanaesha yuwala hapo ukumbini. Una nini wewe?"

Mwanaesha ni binti yake Bi Swabaha, na ana mimba kubwa. Kache akampokonya sahani mkononi. Matonge kadhaa yalikuwa yameshashuka.

Kutwa alikaa sakafuni mwa nyumba ile, akimshika Mwanaesha kichwa kila alipotapika. Kufikia alasiri tumbo likatulia. Mpaka leo hakuna aliyeweza kuwaambia kama ilikuwa dawa au hofu. Mwanaesha hajambo, mtoto bado anacheza tumboni, na Bi Swabaha hajanunua mboga tena.

Juzi Bwana Gharib alimwita Kache. Shamba limemezwa na ndago, anataka lilimwe apande upya. Kache alikubali kwa sharti moja: dawa iliyobaki ifukiwe, naye aone kwa macho yake.

"Sinayo tena," Bwana Gharib akamjibu. "Nimemuuzia mtu."

"Mtu gani?"

"Mpita njia. Alisema ana shamba la mboga."

"Wapi?"

Bwana Gharib hakuwa ameuliza.

Anapolisimulia hili, Kache anafumba macho. Mpango wake sasa ni mmoja. Tudor ameshaipita yote; Kizingo anakwenda leo, na hatashika jembe la mtu mpaka ampate aliyeinunua dawa ile.

"Nikimpata simgombezi," anasema. "Nataka tu ajue kinacholiwa."

Kando yake Mejumaa, muuza mboga mwenzake, anatua kikapu cha mchicha mbichi, mzuri, unaovutia. Kache anamgeukia.

"Huu umeutoa wapi?"

"Nimeuziwa na mtu njiani," anajibu Mejumaa. "Simjui."

Kache anaufunika mchicha ule kwa leso yake na kusimama.

"Usimuuzie mtu hata jani," anasema. "Nionyeshe alikoelekea."